Tarakimu Mbili Zilizogharimu Mabilioni: Serikali ya Marekani Ilivyojiandaa na Mwaka 2000, na Funzo Lake Kuelekea 2038

Ilipotimu saa kumi alasiri ya Desemba 31, 1999 jijini Washington, miji ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilikuwa inaingia mwaka 2000. Katika kituo maalumu cha uratibu kilichoanzishwa na Serikali ya Marekani jijini humo, maafisa walikuwa wakifuatilia jinsi saa sita ya usiku ilivyoizunguka dunia, kuanzia visiwa vya Bahari ya Pasifiki na New Zealand, kupitia Asia na Afrika, hadi Ulaya. Maswali yalikuwa yale yale kwa kila nchi. Je, umeme upo? Simu zinapokelewa? Maji yanatoka? Ndege zinatua salama? Majibu yaliyorejea yalikuwa ya heri, na saa nane baadaye, zamu ya Washington yenyewe ilipofika, taa ziliendelea kuwaka.

Haikuchukua muda furaha hiyo ikageuka kuwa lawama. Wapo waliohoji kwa nini Serikali hiyo ilitumia zaidi ya dola bilioni 8 kurekebisha kompyuta zake kwa ajili ya janga ambalo halikuonekana. Swali hilo lingali linaulizwa hadi leo, kila mahali ambapo taasisi ya umma inaomba fedha za kuzuia tatizo ambalo bado halijatokea. Jibu lake halipatikani katika usiku ule mmoja, bali katika kazi ya miaka kumi iliyoutangulia.

Chimbuko la tatizo

Katika miaka ya 1950 na 1960, taarifa ziliingizwa kwenye kompyuta kwa kutumia kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Kadi iliyotumika zaidi ilikuwa na safu 80 tu, na ndani ya safu hizo ilibidi kuenea jina la mtu, namba yake, malipo yake na tarehe. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ilikuwa bidhaa ghali, hivyo kila tarakimu iliyookolewa ilikuwa fedha iliyookolewa. Waandishi wa programu wakaamua kuandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho. Mwaka 1965 ukawa 65, na mwaka 1972 ukawa 72. Tarakimu za 19 ziliachwa zieleweke zenyewe, kama ambavyo mtu husema alizaliwa mwaka sitini na tano na kila msikilizaji akaelewa.

Uamuzi huo haukuwa uzembe. Alan Greenspan, aliyekuwa Mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, aliliambia Baraza la Seneti mwaka 1998 kuwa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioandika programu za namna hiyo katika miaka ya 1960, na kwamba hakuna aliyedhani kuwa zingedumu zaidi ya miaka michache. Serikali nayo ilikuwa na mchango wake. Kiwango cha tarehe ilichokitoa mwaka 1968 kwa ajili ya kubadilishana taarifa baina ya taasisi zake kiliruhusu mwaka kuandikwa kwa tarakimu mbili, na hivyo desturi ya mafundi ikapata baraka za kiserikali.

Tahadhari zilitolewa mapema. Bob Bemer, mmoja wa wataalamu wa awali wa kompyuta nchini Marekani, aliandika kuhusu hatari hiyo mwaka 1971. Mwaka 1993 mtaalamu wa Canada, Peter de Jager, alichapisha makala iliyoamsha mjadala mpana. Katika kipindi chote hicho programu za zamani hazikuzeeka na kutupwa kama ilivyotarajiwa. Mpya zilijengwa juu ya zile za kale, na tarakimu mbili zikarithiwa kutoka kizazi kimoja cha mashine hadi kingine.

Namna kompyuta inavyokosea

Mfano wa mstaafu unatosha kueleza hatari yenyewe. Mtu aliyezaliwa mwaka 1935 alitimiza miaka 65 mwaka 2000. Kompyuta yenye tarakimu nne hutoa 1935 kutoka 2000 na kupata 65. Kompyuta yenye tarakimu mbili hutoa 35 kutoka 00 na kupata hasi 35. Kwa mashine hiyo, mzee huyo hajazaliwa bado, na mtu ambaye hajazaliwa hawezi kulipwa pensheni.

Hesabu ya namna hiyo imo ndani ya karibu kila shughuli ya serikali. Riba ya deni, muda wa leseni, tarehe ya mwisho ya dawa, muda wa kifungo cha mfungwa, mpangilio wa majalada kutoka la zamani hadi jipya, vyote hutegemea kutofautisha tarehe moja na nyingine. Kibaya zaidi, si kila kosa huisimamisha kompyuta. Mashine inayosimama huonekana na kuitiwa fundi, ilhali inayoendelea kutoa majibu yasiyo sahihi inaweza kuaminiwa kwa miezi mingi.

Yalikuwapo pia makosa mawili yaliyoambatana na lile kubwa. La kwanza lilihusu mwaka mrefu. Kwa kawaida mwaka unaogawanyika kwa 4 huwa na siku 366, isipokuwa miaka ya kufunga karne kama 1900. Hata hivyo, mwaka wa karne unaogawanyika kwa 400 hurudi kuwa mrefu, na mwaka 2000 ulikuwa wa aina hiyo. Mwandishi wa programu aliyeishia kwenye kanuni ya pili bila kuifahamu ya tatu aliifuta Februari 29, 2000 kwenye kalenda yake. Kosa la pili lilitokana na desturi ya baadhi ya waandishi kutumia tarakimu 9 zilizofuatana kama alama ya mwisho wa taarifa, jambo lililoifanya Septemba 9, 1999 kutazamwa kwa wasiwasi.

Aidha, tatizo halikuishia kwenye kompyuta za ofisini. Vipande vidogo vya kielektroniki vyenye saa ndani yake vilikuwa vimefungwa katika lifti, mitambo ya kusafisha maji, vifaa vya hospitali na milango ya majengo. Vingi havikutumia tarehe kwa jambo lolote la msingi, lakini hakuna aliyeweza kusema hivyo kabla ya kuvikagua.

Ishara ya kwanza ilitoka kwenye pensheni

Taasisi ya Serikali ya Marekani iliyoanza mapema zaidi ilikuwa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, SSA, inayowalipa wastaafu, wajane, yatima na watu wenye ulemavu zaidi ya milioni 40. Mwaka 1989, programu yake ya kukokotoa marejesho ya watu waliolipwa kupita kiasi ilishindwa kupanga tarehe za makato zilizovuka mwaka 1999. Karne ilikuwa bado na miaka kumi, lakini kwa kompyuta iliyokuwa ikihesabu mbele, mwaka 2000 ulikuwa umekwishafika.

Hapo ndipo linapopatikana funzo la kwanza. Tatizo la tarehe halisubiri tarehe yenyewe. Huanza kuonekana katika mifumo inayotazama mbali, kama vile pensheni, mikopo ya muda mrefu, bima na mikataba. Taasisi inayosubiri mkesha ndipo ianze kukagua huwa imechelewa kwa miaka kadhaa.

SSA ilikuwa na zaidi ya mistari milioni 30 ya maelekezo ya programu. Kila mstari uliogusa tarehe ulipaswa kutafutwa, kusomwa, kurekebishwa na kujaribiwa. Hakukuwa na dawa moja ya kuponya yote, kwa sababu waandishi mbalimbali waliipa tarehe majina tofauti na kuiweka mahali tofauti. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, inayofanana na kupekua masjala nzima jalada kwa jalada.

Hatua tano

Mnamo Februari 1997, chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani, GAO, kiliuweka mwaka 2000 katika orodha ya maeneo yenye hatari kubwa kwa shughuli za Serikali. Katika mwaka huo huo kikatoa mwongozo uliogawa kazi katika hatua tano ambazo taasisi zote zilitakiwa kuzifuata.

Ya kwanza ilikuwa uelewa: viongozi wa juu, wala si mafundi peke yao, walipaswa kufahamu tatizo na kulikubali. Ya pili ilikuwa tathmini, yaani kuorodhesha kila mfumo, kila programu na kila kifaa, kisha kuamua kipi ni nyeti, kipi kinaweza kusubiri na kipi kitupwe. Ya tatu ilikuwa marekebisho yenyewe. Ya nne ilikuwa uhakiki kwa majaribio, na ya tano kurejesha mfumo uliorekebishwa katika kazi za kila siku.

Hatua ya pili ndiyo iliyofichua mengi. Taasisi kadhaa zilibaini kuwa hazikuwa na orodha kamili ya mifumo yao. Programu nyingine zilikuwa zikitumika ilhali walioziandika walikwishastaafu na maelezo yake hayaonekani. Nyingine zilikuwa zikifanya kazi moja mara mbili, na nyingine hazikuwa na mtumiaji hata mmoja. Kwa mara ya kwanza, Serikali iliweza kusema kwa uhakika inamiliki nini. Ilihesabu mifumo nyeti zaidi ya 6,000, na hiyo ndiyo iliyopewa kipaumbele.

Marekebisho yalifanywa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupanua nafasi ya mwaka kutoka tarakimu mbili hadi nne katika programu na katika kumbukumbu zote zilizohifadhiwa. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu, lakini ni ya gharama na ya muda mrefu. Njia ya pili ilikuwa kuiachia kompyuta tarakimu zake mbili na kuipa kanuni ya kutambua karne. Kwa mfano, 00 hadi 29 zisomwe kuwa 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 zisomwe kuwa 1930 hadi 1999. Njia hii ilikuwa nafuu na ya haraka, lakini haikuondoa tatizo, ililisogeza mbele tu. Taasisi iliyoichagua ilitia sahihi deni lenye tarehe ya kudaiwa.

Kutoka chumba cha mafundi hadi meza ya Rais

Kwa muda mrefu suala hilo lilichukuliwa kuwa la kitengo cha kompyuta. Mwaka 1996, Mbunge Stephen Horn wa California alianza kuzipa wizara na mamlaka alama za maendeleo kama za wanafunzi, kuanzia A hadi F, na kuzitangaza hadharani. SSA ilipata A. Wapo waliopata F, na aibu hiyo ilisaidia kuamsha usingizini ofisi ambazo barua za kawaida zilishindwa kuziamsha.

Mnamo Februari 4, 1998, Rais Bill Clinton alisaini amri iliyounda baraza maalumu la Rais kuhusu mabadiliko ya mwaka 2000, likiongozwa na John Koskinen. Amri hiyo iliwaelekeza wakuu wa taasisi kulipa suala hilo kipaumbele cha juu na kuhakikisha kuwa hakuna huduma muhimu ya Serikali inayovurugika. Tangu hapo, mkuu wa taasisi hakuweza tena kujificha nyuma ya mafundi wake. Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyokuwa ikipokea taarifa kila robo mwaka iliweka Machi 31, 1999 kuwa siku ya mwisho, ili ibaki miezi tisa ya kujaribu na kusahihisha.

Gharama zilipanda kadiri ukaguzi ulivyozidi kwenda ndani. Makadirio ya Februari 1997 yalikuwa dola bilioni 2.3. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza dola bilioni 3.35 za dharura, na hadi mwisho jumla ilikuwa imevuka bilioni 8. Makadirio ya awali hayakuwa ya udanganyifu. Yalitolewa kabla orodha haijakamilika, na asiyejua ana mifumo mingapi hawezi kujua matengenezo yake yatagharimu kiasi gani.

Oktoba 19, 1998, ilipitishwa pia sheria iliyowapa kampuni na taasisi kinga fulani ya kisheria zilipotoa kwa nia njema taarifa kuhusu utayari wa bidhaa na mifumo yao. Kabla ya hapo, wengi walinyamaza kwa kuhofia kushtakiwa endapo taarifa zao zingeonekana kuwa na kasoro. Hivyo kila mmoja aligundua kivyake kile ambacho mwenzake alikwishakigundua.

Ilipofika Machi 31, 1999, asilimia 92 ya mifumo nyeti ilikuwa tayari. Asilimia nane iliyosalia ndiyo iliyoshughulikiwa katika miezi iliyobaki, ikiwa na macho yote juu yake.

Mfumo wa jirani

Hata mwanafunzi aliyepata A alikuwa na somo alilolisahau. Oktoba 1997, wakaguzi wa GAO walibaini kuwa SSA, pamoja na maendeleo yake makubwa, haikuwa imetathmini mifumo ya ofisi za majimbo zinazoamua nani anastahili malipo ya ulemavu. Ofisi hizo zilikuwa za majimbo, si za Serikali Kuu, kwa hiyo hazikuwamo katika orodha. Hata hivyo, kwa mlemavu aliyekuwa akisubiri uamuzi, mpaka huo wa kiutawala haukuwa na maana yoyote. Kompyuta ya jimbo ingekwama, jalada lake lisingefika mahali pa kulipwa.

Malipo yenyewe nayo yalipita mikono mingi. SSA ilikokotoa kiasi, Hazina ikatoa fedha, mfumo wa benki ukazipeleka kwenye akaunti, au posta ikapeleka hundi nyumbani. Desemba 28, 1998 Rais Clinton alipotangaza kuwa mfumo wa hifadhi ya jamii uko tayari, tangazo hilo lilikuwa na uzito kwa sababu lilihusu mnyororo wa utoaji malipo, wala si mashine za ofisi moja.

Fikra hiyo ilivuka mipaka ya nchi. Desemba 1998 waratibu wa kitaifa kutoka nchi zaidi ya 120 walikutana Umoja wa Mataifa mjini New York. Februari 1999 kikaanzishwa kituo cha ushirikiano wa kimataifa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambayo pia ilitoa fedha kuzisaidia nchi zinazoendelea kufanya tathmini na maandalizi. Ndege inayoruka kutoka uwanja ulio tayari hulazimika kutua kwenye uwanja mwingine, na fedha inayotumwa na benki iliyo tayari hupokelewa na benki nyingine.

Majaribio na mpango wa pili

Kusogeza mbele saa ya kompyuta inayofanya kazi ni hatari. Nywila zinaweza kuisha muda, leseni za programu zikafungwa na kumbukumbu zikafutwa kwa kudhaniwa kuwa zimepitwa na wakati. Kwa hiyo majaribio ya kina yalihitaji mitambo iliyotengwa, iliyopewa nakala za taarifa na kalenda ya kubuni. Mfumo ulivushwa kutoka Desemba 31, 1999 hadi Januari 1, 2000, kisha kutoka Februari 28 hadi 29, na hatimaye hadi siku ya 366 ya mwaka huo.

Kalenda za fedha nazo zilitoa majaribio ya kweli kabla ya mkesha. Mwaka wa fedha wa jimbo la New York ulianza Aprili 1, 1999. Majimbo mengi yalifuata Julai 1, siku ambayo Tanzania nayo ilianza mwaka wake wa fedha wa 1999/2000. Serikali Kuu ya Marekani ilianza mwaka wa fedha wa 2000 tarehe 1 Oktoba 1999. Mifumo ya bajeti ilikuwa imevuka kizingiti kabla fataki hazijarushwa.

Pamoja na hayo, kila taasisi ilitakiwa kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa. Mpango huo ulijibu maswali ya kawaida kabisa. Kompyuta zikizimika, huduma itatolewaje kwa mkono? Nani ataitwa kwanza, na ataitwa kwa njia gani ikiwa simu hazifanyi kazi? Nakala rudufu za taarifa zipo wapi? Imani ya wananchi nayo ilihitaji kulindwa. Jane Garvey, aliyekuwa mkuu wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, aliahidi kuwa angani siku ya mkesha, na alisafiri kwa ndege ya abiria kama alivyoahidi.

Yaliyopenya

Si kweli kwamba hakuna kilichotokea. Usiku ule Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipoteza kwa saa kadhaa uwezo wa kuchakata taarifa kutoka kwenye baadhi ya satelaiti zake za upelelezi, baada ya mfumo wa ardhini kuathirika. Tovuti ya kituo cha Jeshi la Majini kinachotunza saa rasmi ya nchi hiyo ilionyesha mwaka 19100, kwa kuwa programu yake ilihesabu miaka 100 tangu 1900 na kuiunganisha na tarakimu za 19. Hayo yalirekebishwa haraka, kwa sababu wataalamu walikuwa zamu na walijua pa kutazama.

Tukio zito zaidi halikufanya kelele. Mjini Sheffield, Uingereza, kompyuta ya maabara ya hospitali moja iliyotumika kukadiria uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down ilianza kukosea umri wa wajawazito baada ya Januari 2000. Umri wa mama ni sehemu ya msingi ya hesabu hiyo. Wanawake zaidi ya 150 waliokuwa katika kundi lenye uwezekano mkubwa waliambiwa kuwa wako katika kundi la uwezekano mdogo, na kasoro haikugunduliwa hadi Mei. Mashine haikuzima. Iliendelea kuchapa majibu safi, na familia zikafanya maamuzi mazito ya maisha yao kwa kuyaamini.

Mkasa huo unajibu swali la fedha kuliko hotuba yoyote. Unaonyesha jinsi kosa dogo la tarehe linavyofanya kazi pale linapoachwa. Wastaafu wa Marekani walipata malipo yao ya Januari 2000, na hakuna gazeti lililoandika habari ya mzee aliyelipwa kama kawaida. Kazi ya kinga ina msiba huo: ikifanywa vizuri, huonekana kana kwamba haikuhitajika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini aliyeziba ufa hana ukuta wa kuwaonyesha watu.

Kuelekea Januari 19, 2038

Funzo hilo lina tarehe nyingine mbele yake. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. Katika mifumo ya zamani, hesabu hiyo huhifadhiwa katika nafasi ya biti 32, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mfumo usiorekebishwa utageuza hesabu kuwa hasi na kujiona upo Desemba 13, 1901.

Tiba inajulikana, nayo ni kutumia nafasi ya biti 64, na kompyuta na simu nyingi za kisasa tayari zinaitumia. Hatari iko katika programu za zamani, hifadhidata zilizorithiwa, na vifaa vilivyofungwa miaka mingi iliyopita katika mitambo ya umeme, maji, hospitali na mawasiliano. Kwa maneno mengine, iko pale pale ilipokuwa mwaka 1999: katika vitu vinavyofanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kuviorodhesha.

Kama ilivyokuwa kwa SSA mwaka 1989, mifumo inayotazama mbali ndiyo itakayokutana na tarehe hiyo mapema. Nchini Tanzania, Benki Kuu huuza hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25, ambazo tarehe zake za kuiva zimekwishavuka mwaka 2038. Mtumishi wa umma anayeajiriwa leo akiwa na umri wa miaka 25 atafikia umri wa miaka 60 wa kustaafu kwa lazima baada ya mwaka huo. Tarehe hizo zinakokotolewa sasa, na kompyuta zilizopo sasa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ndiyo yenye jukumu la kuratibu na kusimamia jitihada za serikali mtandao, lakini orodha ya mifumo ya taasisi huanzia ndani ya taasisi yenyewe, na uamuzi wa kuitengeneza ni wa mkuu wake.

Hatua ya awali haihitaji bajeti kubwa. Afisa TEHAMA anaweza kuchukua nakala ya mfumo wa majaribio, akaingiza mtumishi wa kubuni, na kuuagiza ukokotoe malipo yake ya tarehe 20 Januari 2038. Jibu likiwa sahihi, liandikwe na mfumo ufuatao uangaliwe. Jibu likiwa la ajabu, nalo liandikwe na lipelekwe juu mapema, wakati ambapo yule mtumishi wa kweli atakayelitegemea bado yuko kazini na ana miaka mingi ya kuchangia.